Mtoto Huanza Kupimwa Gredi ya Sita

Desemba 2025, matokeo ya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, yalitangazwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Kuanzia Watamu hadi Marafa, katika Kaunti ya Kilifi, wazazi waliofungua simu kutafuta alama za watoto wao walikutana na herufi: EE, ME, AE, BE, kila jozi ikifuatwa na 1 au 2. Jumla ya alama 500 haikuwepo, wala nafasi ya kwanza, wala mtoto wa kubebwa juujuu uwanjani mbele ya kamera. Swali la miaka yote, "Amepata ngapi?", halikuwa na jibu la nambari moja.

Kilichowapita wengi ni hesabu iliyofichika nyuma ya herufi hizo. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari pevu, KJSEA huchangia asilimia 60. Asilimia 20 hutoka kwa KPSEA, tathmini anayoifanya akiwa Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine hutoka kwa tathmini zinazofanywa na walimu wake shuleni katika Gredi ya 7 na 8. Kwa hiyo siku mtoto anapoingia Gredi ya 9, sehemu mbili kati ya tano za matokeo yake zimeshaandikwa. Mzazi aliyezoea kungoja miezi ya mwisho ndipo anunue vitabu vya marudio ni sawa na abiria anayefika stendi ya Malindi wakati basi la Mombasa limeshapita Gede.

Hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipo kwa familia za Malindi, Magarini, Ganze, Kaloleni, Rabai na Kilifi yenyewe. Kazi ya mzazi imehama kutoka msimu wa mtihani hadi siku za kawaida za muhula, na wazazi wengi bado hawajaambiwa hivyo waziwazi.

Ukanda huu haukuchelewa kuijua elimu. Watoto wa Malindi na Mambrui walikuwa wakikaa chuoni kusoma Qur'ani na kuandika kwa hati ya Kiarabu muda mrefu kabla ya shule za wamishonari, na ni Rabai, mwaka 1846, ambako Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha misheni yao. Ronald Ngala, aliyekuja kuwa sauti kubwa ya Pwani katika siasa za uhuru, alianza maisha ya kazi akiwa mwalimu, baada ya kupitia shule ya Kaloleni na hatimaye Makerere. Kilichokosekana baadaye ni watoto wengi kufika mwisho wa safari waliyoianza.

Mfumo wa 8-4-4, uliodumu katika shule za msingi tangu 1985 hadi mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, mwaka 2023, ulikuwa na sifa moja ambayo haifai kudharauliwa: mtihani ulikuwa mmoja kwa wote, na mtoto wa Bamba angeweza kumpita mtoto wa Nairobi kwenye karatasi ileile. Lakini ulimhukumu mtoto kwa siku tatu. Aliyeugua malaria wiki hiyo, au aliyetembea kilomita nyingi bila kiamsha kinywa, alibaki na alama hiyo maisha yake yote. Wengi walitoka hapo wakiamini kwamba hawana akili, na ufuo wa bahari na stendi za bodaboda zikawapokea.

Mtaala wa Umilisi, uliochukua nafasi ya mfumo huo, umeondoa hukumu hiyo ya siku tatu, na huo ndio ubora wake wa kwanza. Wa pili ni kwamba unatambua vipaji vingi. Katika sekondari pevu kuna mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Mtoto anayechora, anayepiga ngoma au anayekimbia hahitaji tena kujificha kwa mwalimu wa hesabu ili apendacho kipate nafasi. Na kuna jambo la tatu, ambalo ni la zamani kuliko mtaala huu: mlango wenyewe uko wazi. Ada ya shule za msingi za umma ilipofutwa mwaka 2003, idadi ya wanafunzi nchini iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Watoto wengi wa kizazi hicho wasingeingia darasani bila hatua hiyo.

Udhaifu nao ni wa kushikika. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Ukizigawa kwa siku za masomo hazifiki shilingi kumi kwa siku, yaani bei ya andazi, na mara nyingi fedha zenyewe huchelewa. Madarasa ya sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9, yaliwekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi kati ya hizo hazikuwahi kujengewa maabara. Mwalimu mmoja hujikuta akifundisha masomo ambayo hakuyasomea chuoni. Mwaka 2024 walimu vibarua wa madarasa hayo waligoma kwa wiki kadhaa wakidai ajira ya kudumu, na watoto wakakaa bila somo la sayansi huku miaka yao ya kutathminiwa ikihesabika.

Mzazi hawezi kujenga maabara. Anaweza, hata hivyo, kujua ni masomo gani mwanawe hakufundishwa. Njia ni rahisi: kila Ijumaa, madaftari ya masomo yote tisa ya sekondari msingi yawekwe mezani au mkekani, na mzazi atazame tarehe tu. Hata asiyejua kusoma huona ukurasa mtupu. Daftari la Sayansi ambalo maandishi yake ya mwisho ni ya wiki tatu zilizopita limesema la kutosha, na linampa mzazi jambo mahususi la kumuuliza mwalimu mkuu badala ya malalamiko ya jumla kwamba "watoto hawasomi".

Ripoti ya muhula nayo inahitaji kusomwa upya. EE maana yake mtoto amezidi matarajio, ME ameyafikia, AE anayakaribia, BE yuko chini yake. Mzazi akiona AE katika Hisabati asikimbilie fimbo, ambayo kwanza sheria imeikataza shuleni, wala asijifariji kwamba "si mbaya". Amuulize mwalimu swali moja: ni mada gani hasa ambayo mtoto hajaimudu? Mwalimu anayefuata mtaala ana rekodi ya jibu hilo. Ikiwa ni sehemu na desimali, basi familia ina kazi inayojulikana mwanzo na mwisho wake, na duka la jirani, mizani ya samaki na chenji ya shilingi mia vinatosha kuifanyia mazoezi.

Kuhusu kusoma, hali inatisha zaidi kuliko hesabu, na ndiyo inayostahili muda mwingi wa mzazi. Shirika la Uwezo, lililoanza kupima watoto majumbani mwaka 2009, liligundua katika miaka yake ya mwanzo kwamba ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015 uliweka kitabu cha Kiswahili na cha Kiingereza mikononi mwa kila mtoto wa madarasa ya chini, na hali ikapata nafuu. Lakini kitabu kikibaki ndani ya mkoba hakimsaidii mtu.

Kipimo cha Uwezo hakina siri: herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Kinaweza kufanywa barazani na mzazi yeyote. Mtoto asome ukurasa mmoja, huku mkono wa mzazi umefunika picha. Watoto wengi wa Gredi ya 2 na 3 huonekana wanasoma kumbe wameshakariri hadithi kwa kuangalia picha. Picha ikifunikwa, sauti hukatika. Baada ya hapo mzazi aombe asomewe tena kuanzia mstari wa katikati, au neno moja kwa kuelekezewa kidole. Mtoto akikwama kwenye maneno, arudishwe kwenye silabi bila kufokewa. Mama asiyejua kusoma naye ana nafasi yake hapa, kwa kuwa kinachohitajika ni msikilizaji wa dakika kumi kila jioni na swali moja mwishoni: kisa kilikuwa nini?

Hapa lugha ina uzito wake. Sera ya elimu inaagiza mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Mtoto wa Vitengeni hukua na Kigiriama, wa Malindi mjini na Kiswahili, kisha wote wawili hukutana na Kiingereza kama lugha ya masomo kuanzia Gredi ya 4. Baadhi ya wazazi hujaribu kuwahi kwa kuacha kuzungumza lugha ya nyumbani na kumlazimishia mtoto Kiingereza cha kubabaisha. Hilo humpotezea mtoto zana yake bora ya kufikiri. Anayesimulia vizuri kwa Kigiriama, mwanzo, kati na mwisho, hujifunza kusimulia kwa Kiingereza kwa wepesi zaidi kuliko asiyejua kusimulia kwa lugha yoyote. Hadithi za bibi, vitendawili na majina ya samaki, miti na pepo za kusi na kaskazi vyote ni masomo, na mtaala wenyewe unavitambua.

Miradi na kazi za nyumbani zimewachosha wazazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Mtaala wa Umilisi. Malalamiko ni ya haki pale mtoto anapotumwa kupiga chapa picha za rangi katika saiba, au kununua manila kila wiki, wakati baba yake analipwa kibarua cha siku katika mashamba ya chumvi ya Gongoni. Lakini mtaala unasisitiza vifaa vinavyopatikana mazingirani, na mzazi ana haki ya kumkumbusha mwalimu hilo kwa heshima. Makuti, ukili, vifuu vya nazi, udongo wa mfinyanzi, maboksi ya dukani: mradi mzuri wa Gredi ya 5 unaweza kutoka humo bila shilingi kutumika. Jambo moja ni la kuepukwa kabisa, nalo ni mzazi au fundi wa mtaani kuufanya mradi huo kwa niaba ya mtoto. Mwalimu akimtathmini mtoto kwa kikapu kilichosukwa na shangazi, alama inayopelekwa ni ya shangazi.

Kisha kuna yale ambayo hayapo katika mtaala wowote. Ukame wa 2021 na 2022 ulionyesha katika Ganze na Magarini jinsi darasa linavyokauka pamoja na mahindi. Shule yenye chakula cha mchana hujaa, isiyo nacho hubaki na nusu ya wanafunzi. Katika machimbo ya mawe, kijana wa miaka kumi na minne hulipwa siku hiyohiyo, na hakuna daftari linaloweza kushindana na noti mkononi. Ufuoni, wageni wanaonunua shanga na kugawa pipi hufundisha watoto kwamba kukosa shule kuna faida. Mzazi anayesema "atarudi shule muhula ujao" aelewe kwamba wengi hawarudi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni, na adhabu yake inaweza kufika shilingi 100,000 au kifungo cha mwaka mmoja.

Disco matanga, ngoma za usiku za kuchangisha fedha za mazishi, zinahitaji kuzungumzwa bila kuzungukazunguka. Machifu na viongozi wa kaunti wamezipiga marufuku mara kadhaa, na kila mara muziki umerudi, kwa sababu familia iliyofiwa hutegemea fedha zinazochangwa usiku huo. Wanaoweza kulimaliza jambo hili ni wazee na akina mama wanaokaa kwenye kikao cha mazishi. Wakiamua mchango upitie simu na daftari la jumuiya, na muziki ukome jua linapozama, wasichana wa Gredi ya 7 na 8 watalala nyumbani. Kamati za mazishi zinajua kukusanya fedha za jeneza na chakula kwa siku mbili. Haziwezi kushindwa na hili.

Na msichana akipata mimba, elimu yake haijaisha. Sera ya kuwarudisha shuleni ipo tangu 1994, na Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya mwaka 2020. Anaweza kurejea baada ya kujifungua, katika shule yake au nyingine. Kinachomzuia mara nyingi ni nyumbani kwao: hakuna wa kukaa na mtoto mchanga, au baba ameshafunga mazungumzo na familia ya mvulana kuhusu mahari. Nyanya anayejitolea kulea asubuhi hadi alasiri hufanya zaidi ya basari yoyote. Na mtu mzima aliyemnajisi msichana apelekwe polisi; kesi ya namna hiyo haina nafasi chini ya mwembe wa mzee wa mtaa.

Suala la mkondo wa sekondari pevu linakuja haraka kuliko wazazi wanavyodhani. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, baada ya kila mwanafunzi kuchagua shule 12 mapema. Si kila shule inafundisha mikondo yote mitatu. Nyingi za kutwa zina miwili tu. Mzazi anapaswa kuyajua haya mtoto akiwa Gredi ya 8, atembelee shule mbili tatu zilizo karibu, aulize ni masomo gani yana walimu, na si kutazama jina la shule peke yake.

Kuchagua mkondo kunakuwa rahisi mtoto anapoona kazi yenyewe kwa macho. Pwani hii ina mifano mingi ambayo watoto wake hawaijui. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna kituo cha anga cha Waitaliano cha San Marco. Kutoka kwenye jukwaa lake baharini, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kilifi mjini, kando ya hospitali ya kaunti, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichoanza 1989, ambako watafiti, wauguzi na mafundi wa maabara hufanya kazi kuhusu malaria inayojulikana dunia nzima. Kimekuwa kikiwapokea wahitimu wa sekondari wa kaunti hiyo kwa mafunzo ya vitendo. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko njiani. Magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, ni somo zima la historia kwa mtoto wa sayansi za jamii. Jumamosi moja kwa muhula inatosha kwa ziara ya namna hii, na chama cha wazazi kikiomba pamoja mlango hufunguka kwa urahisi.

Fedha haziwezi kukwepwa. Elimu ya kutwa katika sekondari ya umma hupangiwa na serikali shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini sare, chakula na bweni hubaki kwa mzazi, na bweni hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Kuna basari za maeneo bunge, za kaunti, na ufadhili wa Wings to Fly ulioanza 2010. Nyingi huwapita wenye shida kwa sababu ya karatasi: cheti cha kuzaliwa hakipo, au jina la cheti halilingani na la shule. Hilo lishughulikiwe mtoto akiwa chekechea, katika ofisi ya usajili au Huduma Centre, kwa kuwa kulirekebisha akiwa Gredi ya 9 ni kukimbizana na foleni.

Mfano mzuri wa kugharamia elimu uko Arabuko-Sokoke. Shirika la A Rocha Kenya huendesha mpango uitwao ASSETS, unaolipia karo za sekondari za watoto wa familia maskini zinazopakana na msitu huo na ghuba ya Mida. Sehemu ya fedha hutokana na wageni wanaolipa kupita kwenye daraja la mbao ndani ya mikoko. Familia nazo huahidi kuutunza msitu na kupanda miti. Mradi wa Kipepeo wa Gede, ulioanza 1993, umewawezesha wakulima wa eneo hilo kufuga viwavi na kuuza pupa za vipepeo nje ya nchi, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo pesa ya sare na vitabu. Katika mipango yote miwili, mzazi ana kazi ya kufanya, hangoji hisani.

Hatimaye kuna mkutano wa shule, ambao akina baba wengi wa pwani humwachia mama, na mama naye humwachia jirani. Kila mzazi ni mwanachama wa chama cha wazazi kwa mujibu wa sheria ya 2013, kila darasa lina mwakilishi wake, na bodi ya usimamizi ina viti sita vya wawakilishi wa wazazi na jamii. Sheria hiyo pia inasema kwamba mchango wowote utolewe risiti rasmi, na kwamba mtoto asifukuzwe kwa kukosa kulipa mchango huo. Masomo ya ziada wakati wa likizo yamekatazwa. Mzazi anayeyajua haya huuliza tofauti: fedha za serikali za muhula huu zimefika lini, na zimetumikaje? Ni masomo gani hayana mwalimu? Vitabu vilivyoletwa viko wapi, na kwa nini vimefungiwa stoo? Nani anapika chakula cha mchana, na wazazi wanaweza kuchangia nini, mahindi au kuni au siku moja ya kazi? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, yasomwe mkutano unaofuata, na yasiporidhisha, mwakilishi wa darasa apeleke nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.